Maji Kwanza

Mimi sikuolewa na pikipiki. Lakini siku hizi kila asubuhi nainama mbele yake na ndoo mbili, huku mume wangu amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki ananifokea kama vile mimi ndiye niliyemletea ugonjwa.

"Maji kwanza, Mama Pacha! Hilo vumbi ni mchanga."

Najua. Mtu huyu ameosha pikipiki za watu pale kona ya kituo cha mafuta tangu pacha wetu wananyonya, na sasa wana nyumba zao. Wateja walimpa jina Kioo, maana ukimwachia tangi jeusi, ukirudi unajitazama meno. Nyeusi haisamehe, ndivyo anavyosema. Rangi nyingine zitakusitiri, nyeusi itakutangaza mtaa mzima. Vumbi unaliteremsha kwa maji kabla hujaligusa. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Unapangusa kwa kunyoosha, huzungushi mkono. Kitambaa kikianguka chini, hicho kimekufa, kipeleke kwenye magurudumu. Haya yote nayajua kama jina langu, nimeyasikia hata usingizini.

Sahani, hata moja, hajawahi kuosha.

Basi kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na nusu ya mguu. Mdomo kikamwachia, mzima kabisa. Kazi ikaisha. Akabaki na pikipiki yake mwenyewe, nyeusi tii, ambayo haijawahi kupata mkwaruzo, na hana kingine cha kujivunia. Akanikabidhi niitunze, na tangu siku hiyo anangoja niiharibu. "Utaikwaruza wewe. Mkono wako mzito." Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Nikaapa moyoni: siikwaruzi ng'o, nione utasema nini. Nikakata fulana zangu mbili za pamba, nzuri tu, ziwe vitambaa. Nikajifunza kuisukuma kivulini ili sabuni isikaukie juu. Kazi nimefundishwa na hasira.

Shemeji, mdogo wake, huja kuiwasha ili injini isife. Kila akija humwambia kaka yake kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rahisi kusema, koleo likiwa la mwenzio.

Jumamosi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta kitini, kimya. Nikashtuka, maana huyu hanyamazi bure. Pikipiki ilikuwa imelowa upande mmoja, ndoo imelala chini. Juu ya tangi kulikuwa na mkwaruzo mrefu kama kalamu, umepinda pale mkono ulipochoka. Kitambaa alikuwa amekikalia, pembe imechomoza chini ya paja, imejaa mchanga. Kilimponyoka akijaribu kuiosha mwenyewe, akakiokota kwa mkono wa kushoto. Miguu ya kufuata kingine ndani hakuwa nayo, basi akaendelea nacho hichohicho, yeye anayejua kuliko sisi wote.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Miezi yote hiyo ananisimanga kwa kosa ambalo sijalifanya. Nikafungua mdomo nimmalize.

Shemeji akaingia getini. Akainama juu ya tangi, akapiga mluzi. "Duh. Nani kafanya hivi?"

Mume wangu akatazama miguu yake. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya goti, vidole bado vina povu.

"Mimi," nikasema.

"Wewe, shemeji? Na ulivyo makini?"

"Nimeshasema mimi. Unataka niape?"

Akacheka. "Si kaka alisema? Mkono mzito."

Nikalimeza na hilo, likashuka kama mfupa. Ushindi niliousubiri kwa jasho langu nimeugawa bure, na juu yake nachekwa. Sijawahi kumchukia shemeji yangu kama siku ile.

Alipoondoka, nilivuta kile kitambaa chini ya paja la mume wangu nikakitupia magurudumuni.

Kesho yake nikatoa ndoo. Kimya. Nikamwagia maji tangi, nikasuuza, nikakausha, naye anatazama ukuta. Siku iliyofuata vilevile. Nilidhani nitafurahi. Nyumba ikawa kama ina msiba, na mimi hasira zangu hazina pa kutua. Nimekufichia aibu, halafu unanisusia? Nilikaribia kumwambia hivyo. Ila nilipomwangalia vizuri nikaona mtu anayejiona hana haki tena ya kusema kitu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko matusi yote.

Leo asubuhi pikipiki iliamka na vumbi la barabarani. Ndoo nikaziacha ndani. Nikachukua kitambaa kikavu, nikasimama mahali anaponiona vizuri, nikakipeleka kwenye tangi, taratibu. Kimya. Nikashusha mkono. Kimya. Nikaufikisha karibu kabisa na rangi. Sema, mwanamume. Sema, au naikwaruza kweli.

"Maji," akasema. Kisha sauti ikatoka yote, majirani wakasikia: "Maji kwanza, wewe mwanamke! Umekuwa kipofu?"

"Kipofu wewe," nikamjibu, nikakimbilia ndani kuchukua ndoo, asiuone uso wangu.