Msichana Aliyeandika kwa Bega

Mwaka ule nilipewa gredi ya kwanza, watoto arubaini na wawili, katika shule ndogo huku Magogoni. Nilikuwa nimefundisha miaka tisa, na kama kuna jambo nililojivunia basi ni mwandiko wangu. Kadi za harusi za washirika wa kanisa letu karibu zote zilipitia mkononi mwangu. Nikiandika ubaoni, wageni hudhani herufi zimechapwa. Nadhani ndiyo sababu nilichelewa kumwelewa mtoto huyu.

Alikuwa msichana wa miaka sita na nusu, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka. Penseli aliishika kwa ngumi, kama mtu aliyeshika mchi, na herufi zake hazikutoka vidoleni, zilitoka begani. Bega lilipanda, kiwiko kikafuata, ulimi ukachungulia nje, na mwili mzima ukaegemea upande mmoja hata mwenzake wa dawati akajikuta ananing'inia ukingoni. Mwishowe karatasi ilipasuka.

"Mwalimu, imepasuka tena," alikuwa akisema, bila kulia, kama anayetangaza habari.

Jina lake linaanza na herufi K. Siku nyingine K yake ilikuwa kijiti kimoja, siku nyingine vijiti vitatu, kila kimoja kimekwenda kwao. Mimi nikaona uvivu. Mtoto awezaye kusimulia hadithi tangu kengele ya asubuhi hadi ya chakula, anashindwaje na herufi moja? Jioni moja nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika chini ya ukurasa wake: "Mzembe. Rudia."

Kesho yake asubuhi bibi yake alikuja darasani na kile kitabu mkononi. Mtoto humwita hawe, kama tuitavyo bibi zetu sisi tuliotoka upande wa Kaloleni, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mwalimu. Waamkaje?" Akafungua kitabu, akaweka kidole penye wino mwekundu. "Mimi sikusoma. Mamake ametoka alfajiri kwenda kazini. Nisomee hapa, nijue mjukuu wangu amesifiwa nini."

Nilitamani ardhi inifiche. Nikasoma kwa sauti ndogo, "Mzembe. Rudia."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivuta kiti kimoja cha watoto, akakaa magoti yakimfika kidevuni, akanieleza. Mtoto alizaliwa akakawia kulia. Shingo ilikawia kukaza, kukaa kukakawia, na kutembea alitembea karibu na miaka mitatu. Vifungo vya sare ya shule hufungwa na bibi kila asubuhi, kwa sababu vidole vyake havitii.

"Lakini uzembe, mwalimu, huo hana," akasema. "Kila jioni hukaa kibarazani na hiki kitabu mpaka mkono unamtetemeka. Mimi ndiye humnyang'anya."

Nilimwomba radhi. Akaniambia yamekwisha, akauliza kama nimekunywa chai.

Baada ya hapo nikataka kulipa kosa langu kwa pupa. Kila mapumziko nilimweka mtoto karibu yangu, nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu, tukaandika pamoja. K zikatoka nzuri ajabu, zimesimama wima, miguu imepanuka sawasawa. Nikampelekea mwalimu mkuu akazione. Akazitazama, kisha akanitazama mimi. "Huu ni mwandiko wako, mwalimu," akasema. Na kweli ulikuwa wangu. Mtoto mwenyewe alikuwa akitazama dirishani wakati mkono wake unaandika, na yule msimulizi wangu wa hadithi alianza kunyamaza.

Bibi ndiye aliyesikia kwamba kuna mtaalamu wa viungo katika zahanati moja, anayesaidia watoto wa namna hiyo. Tulikwenda sote watatu siku ya Alhamisi, nikiwa nimeomba ruhusa. Tulimkuta mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Alimchezea mtoto kama nusu saa: akamrushia mpira, akamwambia abane vibanio vya nguo kwenye kamba, akamwambia asukume ukuta. Kisha akanigeukia mimi. Akatoa soksi mbili nene kwenye droo, akanivika zote mkono wa kushoto, moja juu ya nyingine, akanipa penseli.

"Haya, mwalimu. Andika jina lako. Upesi, wenzako wamemaliza."

Nilijaribu. Bega langu likapanda. Penseli ikaponyoka, nikaiokota, ikaponyoka tena. Nilipomaliza, pale karatasini palikuwa na kitu kama kuku aliyepita penye matope. Mtoto alisogea, akainamisha kichwa kukikagua, akasema kwa sauti yangu mimi, sauti yangu hasa ya darasani:

"Mwalimu, rudia!"

Bibi alicheka hata kilemba kikamteleza. Nami nikacheka, ingawa jasho lilikuwa linanitoka kweli kweli kwa kuandika jina langu tu.

Yule mama alitufundisha mambo ambayo sikuyasikia chuoni, au labda niliyasikia nikasahau. Alisema herufi huja mwisho. "Kwanza miguu. Mtoto miguu ikining'inia, mwili mzima unatafuta pa kusimama. Penseli ataishika nani? Halafu mgongo, halafu bega, halafu kifundo cha mkono, vidole ndivyo vya mwisho." Akamuuliza bibi, "Nyumbani mnapika nini?"

"Wali, mchicha, maharagwe, samaki akipatikana."

"Kwa nazi?"

Bibi akamwangalia kama aliyetukanwa. "Sasa kwa nini? Kwa maji?"

"Na tui hukamua nani?"

"Mimi."

"Kuanzia leo atakamua huyu. Mikono yote miwili, chicha ndani ya ngumi, mpaka tone la mwisho."

Basi kukaanza msimu wa nazi. Bibi alikuna, mtoto akakamua. Siku za kwanza tui lilimwagika zaidi magotini kuliko bakulini, na paka wa jirani akahamia pale uani. Lakini bibi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Nyumba ile ilikula wali wa nazi, mchicha wa nazi, kunde za nazi, mihogo ya nazi, hata uji akautia tui. Mama wa mtoto, anayefanya kazi za nyumba huko Nyali, alinisimamisha njiani baada ya kutoka kanisani akaniambia, "Mwalimu, mtoto ananenepa vidole, sisi wengine tunanenepa kwingine. Sketi hii ilikuwa inanitosha Pasaka."

Shuleni nikafanya yangu. Nikapindua kreti tupu la soda chini ya dawati lake, miguu ikapata pa kukanyaga. Nikakata kipande cha champali kuukuu, zile ndara za mpira, nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikaipitisha penseli katikati ili iwe nene, vidole vipate kitu cha kukumbatia. Watoto wengine walipoiona, kila mmoja akataka penseli ya champali. Juma lile wazazi watatu walilalamika kwamba viatu vya nyumbani vinakuja kupotelea shuleni. Nikabandika kalenda za zamani ukutani, upande mweupe nje, akawa anaandika amesimama, herufi kubwa kama kichwa chake. Pale ukutani bega lilikuwa na haki ya kufanya kazi, na lilifanya.

Maendeleo hayakuja mfululizo. Juma moja K inasimama, juma linalofuata imelala chali. Nilikuwa nimejifunza kutosema rudia, lakini uso wangu bado ulikuwa unasema, na yeye alikuwa msomaji hodari wa nyuso.

Halafu zikapotea penseli. Si moja, zote. Nilirudi kutoka ofisini baada ya mapumziko nikakuta watoto arubaini na wawili hawana hata penseli moja, na sanduku langu la akiba limefunguliwa, tupu. Tulitafuta chini ya madawati, tukatafuta kwenye mikoba. Mwishowe nikamwona yeye ametulia kupita kiasi, kucha zimejaa mchanga.

"Mwanangu."

"Abee, mwalimu."

"Penseli ziko wapi?"

"Nimezizika."

Alinipeleka nyuma ya darasa, penye mchanga karibu na tangi la maji. Kulikuwa na kichuguu kidogo kilichopigwapigwa vizuri, na juu yake ua la mchongoma. Nilichutama.

"Mbona umezizika?"

Alifikiri, akajibu kwa upole, kama ananieleza jambo nililopaswa kulijua. "Ili wote tupumzike."

Nilijaribu kukaza uso, nikashindwa. Nilicheka nikiwa nimechutama pale mpaka nikakaa mchangani. Nilipokwisha kucheka nikaona kuwa mtoto amesema kweli. Kwa miezi minne hakuna siku iliyompita bila mtu mzima kuukodolea macho mkono wake. Zaidi ya hayo, alikuwa amelichimba lile shimo mwenyewe, kwa vidole vyake, likafika kiwiko. Mwezi wa kwanza asingaliweza.

Siku ile hatukuandika darasani. Niliwaambia watoto penseli zimelala, tutaziamsha kesho, na tahajia tukaifanya kwa mdomo. Nilisema neno, nao wakanipa herufi moja moja niziandike ubaoni. Nilisema "mlango", mkono wake ukapanda. Nilisema "ng'ombe", ukapanda tena, na alama ya ritifaa akaikumbuka: "Weka kile kidudu juu, mwalimu." Nikatafuta maneno magumu zaidi, mengine ya gredi ya pili, naye akanipa herufi zote bila kukwama. Darasa lote likamgeukia. Miezi yote hiyo maneno yalikuwa kichwani mwake, yamejazana mlangoni, na mimi nimekazana kuuangalia mlango.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu jioni ile. Alikuwa amekwisha kuniambia kwamba huenda mtoto huyu arudishwe chekechea mwaka ujao. Nilimweleza ya tahajia. Akasema, "Lete ushahidi." Nikamleta mtoto mwenyewe. Mwalimu mkuu akamuuliza maneno matano, mtoto akayapata yote, kisha akamwomba ruhusa naye amuulize moja. Habari ya kurudi chekechea haikutajwa tena.

Tulikubaliana, mimi na mtoto, kwamba Ijumaa ni siku ya mdomo na siku nyingine ni za mkono. Kalenda ziliisha ukutani, nikaomba nyingine kwa majirani. Ilikuwa muhula wa tatu, siku ya mvua, mabati yanapiga kelele hata huwezi kufundisha. Watoto walikuwa wanachora. Yeye alikuwa ukutani na penseli yake ya champali, ameanza mstari mrefu ambao sikuuelewa. Niliona N imeanza kuinama, na mkono wangu ukaenda wenyewe, mazoea hayo, ukaufunika wake.

Aliuchomoa mkono wake taratibu chini ya wangu, kama mtu anayetoa mguu kwenye kiatu, akahamia mwisho wa karatasi. Akaandika kwa muda mrefu. Ulimi nje, bega limepanda kidogo tu. Alipomaliza akasogea pembeni ili nisome. Herufi zilipanda kilima zikashuka, nyingine kubwa nyingine ndogo, lakini hapakuwa na moja iliyohitaji kubahatishwa.

NIACHE NINAWEZA.

Niliisoma mara mbili. Nikamwambia, "Nimekuacha." Kisha nikatoka nje kwenye mvua, nikajifanya naangalia kama tangi limejaa.

Sasa yuko gredi ya tatu. Singesema mwandiko wake ni mzuri. Si mzuri, na pengine hautakuwa. Mwalimu wake wa sasa humpa muda zaidi, na ukurasa mmoja bado humchosha kama wenzake wanavyochoshwa na tatu. Vifungo anafunga mwenyewe, isipokuwa kile cha juu shingoni.

Juzi mwalimu mkuu aliniita kwa haraka, nimkute kwenye vyoo vya wasichana. Alikuwa amesimama, mikono nyuma, mbele ya mlango uliopakwa rangi likizo iliyopita. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa makaa, herufi zinazopanda na kushuka.

"Mwandiko huu wa nani?" akaniuliza, ingawa shule nzima inaujua.

Mlangoni palikuwa pameandikwa: "Komeo limevunjika. Kabla ya kuingia piga hodi. Asante."

Tulisimama pale, watu wazima wawili, tukitafuta kosa la kumkaripia. Mwalimu mkuu alisema makaa ni uchafu. Nikakubali ni uchafu. Alisema rangi ni mpya. Nikakubali ni mpya. Kisha akasema, akijikuna kidevu, "Lakini nukta ameziweka mahali pake."

Adhabu ilikuwa kuusugua mlango kwa brashi na maji ya sabuni. Alisugua kwa mikono miwili, kwa nguvu, huku akimweleza mwalimu mkuu kwamba komeo lile limevunjika tangu muhula uliopita na hakuna aliyewahi kuuliza. Fundi alikuja Jumanne.