Bahasha Iliyofukizwa Udi

Siku hizi zabuni za barabara zinakwenda kwa mtandao, na mama yangu hajausamehe mtandao huo. "Kompyuta haifukiziki," analalamika, na baba, aliyekaa na mashine yake sebuleni kwetu Mkunazini, huikumbatia kwa mikono miwili kila mama anapopita na chetezo cha udi. Mimi hucheka peke yangu, maana nilikuwapo mwaka ule wa mwisho wa zabuni za bahasha.

Baba ana kampuni ndogo ya ujenzi: greda moja, mashine moja ya kushindilia, na malori mawili ambayo siku zote moja liko kwa fundi. Kwa miaka mingi alifanya kazi chini ya kampuni kubwa. Wao walipewa barabara, yeye akapewa mitaro. Kila tulipokwenda shamba alituonesha kwa kidole dirishani: "Ule wangu. Na ule." Wageni walipiga picha magofu ya kasri la Mtoni, sisi watoto tuligeuza shingo kutazama mtaro.

Kisha serikali ikatangaza zabuni ya barabara ya ndani huko Jambiani, kwa wakandarasi wa hapa hapa. Njia hiyo inaacha barabara kuu na kuishia mlangoni kwa bibi, mama yake baba, mkulima wa mwani. Ilikuwa ya mawe matupu, makali kama meno. Lori la mnunuzi wa mwani lilikataa kuingia, kwa hiyo bibi na wenzake walijitwika magunia hadi juu barabarani. "Wewe mwanangu wajenga barabara gani hizo," bibi alimuuliza baba kila Idi, mbele ya watu, "mbona hazifiki kwangu?" Baba alishusha macho kwenye sahani ya pilau. Barabara ile aliitaka kama kijana anavyotaka mchumba. Ukimtajia tu, uso unabadilika.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikamchapia zabuni yake. Sharti moja lilimtia hofu kuliko yote: nje ya bahasha kusiwe na alama yoyote ya kumtambulisha mwenyewe, ama sivyo bahasha itawekwa kando bila kufunguliwa. Baba alilisoma kwa sauti mara nyingi mpaka mama akalikariri jikoni. Tulipomaliza kuifunga, alimkabidhi mama bahasha aiweke salama, na mama akaiweka mahali anapoweka kila kilicho salama: ndani ya kasha, juu ya kanzu.

Asubuhi yake nilimkuta chumbani ameinamisha kikapu juu ya chetezo. Juu ya kikapu ametandaza kanzu ya baba. Na juu ya kanzu, bahasha. Moshi wa udi ulikuwa ukiizunguka taratibu, kama unaibembeleza.

"Mama! Alama!"

"Alama iko wapi? Umeona nimeandika?" Aliigeuza upande wa pili ili nao upate. "Kitu kinachokwenda mbele za watu hakiendi kikinuka wino. Na wewe usimwambie baba yako, ana mafua, hatasikia harufu."

Kweli hakusikia. Aliichukua kwapani, akaitumbukiza mwenyewe katika sanduku la zabuni, akarudi nyumbani akipiga chafya kwa furaha.

Ufunguzi ulikuwa kesho yake. Ukumbi ulijaa wakandarasi waliovaa vizuri, wakisalimiana kama hawakuja kunyang'anyana. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Akafungua kufuli, akainua kifuniko. Udi ukatoka. Haukutoka kwa aibu. Ulitoka kama bibi harusi, ukapita safu kwa safu. Nilitamani sakafu inimeze.

"Loo!" alisema mkandarasi mmoja mnene, jirani yetu wa mtaa wa Malindi, mwenye maneno mengi. "Zabuni hii au fungate?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba akaniinamia. "Wanacheka nini?"

"Kunanukia, baba."

"Kunanukia nini? Mie sisikii kitu."

Yule jirani alikwisha simama. "Mwenyekiti, natania, lakini sharti ni sharti. Pasiwe na alama. Mwenye bahasha hii tunaweza kumfuata kwa harufu mpaka chumbani kwake. Iwekwe kando."

Kicheko kikakatika. Nilimtazama baba, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana naye, maskini, kwa kuwa sharti ni sharti.

Mwenyekiti alivaa miwani, kana kwamba ingemsaidia kunusa. Akainua bahasha ya kwanza puani. Akainua ya pili. Akainua ya tatu, akatabasamu. "Ya kwako ipi, bwana?"

"Hiyo ya kaki kubwa."

"Njoo uinuse."

Jirani akaja, akanusa. Akanusa tena. Akatazama dari. "Inanukia," alikiri.

"Basi na wewe uwekwe kando? Zote zimelala pamoja humu ndani, zote zinanukia." Akaketi. "Alama kwenye sharti ni maandishi na mihuri. Pua haimo. Tuendelee."

Watu walipiga makofi, baba naye akapiga, bila kujua anachoshangilia. Alikijua jioni, pale mama alipomwambia barazani, "Nimeifukiza, ndiyo. Kwani nimeitia sumu?" Baba aliweka mikono magotini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka hadi mafua yakamzidi.

Wiki kadhaa baadaye ikaja barua: barabara ni yake. Ilitaja uzoefu wake wa kujenga mitaro katika ardhi ya mawe. Mama alisema hizo ni adabu za ofisini tu, sababu halisi anaijua yeye.

Siku lami ilipomwagwa Jambiani, wakulima wa mwani walijipanga pembeni, kanga zikipigwa na upepo. Baba alimwendea bibi, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imefika." Bibi aliitazama barabara nyeusi, akaitazama tena, akakunja pua. "Nzuri. Lakini yanuka."

"Ndiyo lami, mama."

"Mkeo yu wapi? Aje na chetezo chake."

Mama hakuhitaji kuitwa mara mbili. Chetezo kilikuwa ndani ya kapu la chakula, pamoja na makaa. Akatangulia ukingoni mwa barabara akiipungia moshi, wanawake nyuma yake wakipiga vigelegele, bibi katikati, mikono mitupu, hana gunia kichwani. Baba alifuata mwisho, pua juu, akivuta pumzi ndefu.

"Leo," aliniambia, "nasikia."