Kiwanja Kilichogeuzwa Tarehe

"Mama, tarehe yako ilikuwa kumi na moja Mei. Leo tuko Agosti."

Afisa wa viwanja alisema hivyo bila kuinua macho. Dada yangu, mjane, alikuwa amesimama mbele ya meza yake, amevaa sweta la marehemu mume wake na kitenge cha kwendea kanisani.

"Tarehe ya nini, mwanangu?"

"Ya kuja kuthibitisha. Hukuja. Kiwanja kapewa mwingine."

Nilikuwa pembeni ya dada. Niliinama kuitazama karatasi ya orodha aliyokuwa akiisoma. Niliichapa mimi.

Mimi ni darasa la saba. Kupiga taipu nilifundishwa kazini, kwenye shirika la umma hapa Sumbawanga, nikapiga miaka mingi mpaka soko huria likaja, shirika likauzwa, tukaambiwa tumepunguzwa. Taipu haikuwa na siri. Ulichopiga ndicho kilichotoka, na ukikosea kosa ni lako. Baadaye nikapata kibarua kwenye steshenari moja karibu na stendi. Bosi wangu mpya alinifundisha kompyuta siku mbili: hapa pa kuwashia, hapa pa kuandikia, hapa pa kuchapia. "Huko kwingine usiguse. Utaiharibu."

Ndipo ofisi ya viwanja ikaleta orodha yake ichapwe. Mashamba ya ulezi pembeni mwa mji yalikuwa yamepimwa, na kila mwenye shamba aliahidiwa kubakiziwa kiwanja kimoja. Namba ilikuwa ya kitalu, halafu alama ya mkwaju, halafu ya kiwanja. Cha dada kilikuwa 5/11. Hakupewa hata karatasi; wapimaji walimtajia kwa mdomo tu, nami nikaiandika kwa mkaa kwenye mlango wake, kubwa, isisahaulike.

Nikaanza kuingiza orodha. 14/32, ikakaa. 14/33, ikakaa. Nilipofika kitalu cha tano nikapiga 5/11, nikabonyeza, ikageuka ikawa 11-May. Nikafuta, nikapiga tena. 11-May. Nikapiga polepole, kama mtu anavyosema na kiziwi. 11-May. Kitalu kizima kikawa mwezi wa Mei. Nikafungua menyu moja baada ya nyingine, zote Kiingereza. Tena zilikuwa zinajikunja zenyewe: jambo usilolitumia linafichwa, na usilolijua utalitumiaje? Nilizunguka humo mpaka chai ikapoa.

"Bosi, mashine inanibishia."

Akaja, akatazama, akacheka. "Kati yako na hiyo kompyuta, nani kasoma?"

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilikiogopea kibarua. Nikaomba basi nirekebishe kwa kalamu. Akakataa, ofisi inataka karatasi safi. Ikaenda hivyo, safi kabisa.

Sasa mbele ya afisa nikasema, "Hiyo si tarehe. Ni namba ya kiwanja. Nilichapa mimi mwenyewe."

Akanitazama kuanzia viatu. "Kwa hiyo kompyuta ilikudanganya?"

"Iligeuza yenyewe."

Mwenzake wa meza ya pili akadakia, "Labda imelogwa. Si tuko Sumbawanga?" Wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Wa kitalu cha tano waliokuwa na mtu ofisini walirekebishiwa wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo walijua. Naomba hilo lisomwe mara mbili: walijua kuwa ni namba. Dada yangu alikuwa na mlango tu.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwake akanigeukia: "Wewe si ulisema unaijua mashine?"

Alipokosa kiwanja alihamia Chala kwa binti yake, akaung'oa ule mlango akaenda nao juu ya lori la mahindi. Wakaufunga jikoni. Baridi ya pili ilimkuta kifua kibovu, ikaondoka naye. Siku ya mazishi niliiona namba yangu bado ipo, mkaa umefifia kidogo.

Mwaka uliofuata binti mmoja, mteja, alinikuta ninahangaika na orodha nyingine. "Shikamoo mzee. Mbona unateseka? Tanguliza koma ya juu." Nikatanguliza. '5/11. Ikakaa, imetulia, haikuruka popote. Koma moja! Akanionyesha na pale pa kubofya kulia, uiambie kuwa haya ni maandishi. Nikamshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye kibaraza.

Sijikwepeshi. Nilicheka siku ile, na kicheko hicho ninalala nacho. Bosi alinikataza kugusa na kalamu akaninyima. Afisa alijua, akampa mwingine, na leo kiwanjani kwa dada kuna nyumba ya bati jekundu. Huyo afisa aseme mbele ya watu nani alimtuma. Lakini yuko mwingine, simjui sura wala nchi, aliyekaa mezani akiipangia kompyuta kanuni zake, akaamua kwamba mtu yeyote duniani akiandika tano, mkwaju, kumi na moja, anataka siku ya mwezi. Kisha akachukua pa kumkatalia, akapaficha. Kwa nini alipaficha? Nataka anijibu. Aje anijibu hapa, kwa Kiswahili, mbele ya ule mlango.