Kitanda cha Mtu Mwingine

Mama alipovunjika nyonga, daktari wa Thika alisema mambo mawili: asiishi tena peke yake, na asilale kwenye kitanda cha chini. La kwanza lilimkasirisha mama, la pili likanihangaisha mimi. Kwa miaka alikuwa amekataa kuhama Gatuanyaga, eti nani atamlishia mbuzi. Nilimtania pale hospitalini kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanijibu kwamba mkuu ni yeye. Mwishowe alikubali kuja kwangu Ruiru kwa majaribio, na akaniambia wazi kwamba jambo moja tu likimshinda, anarudi kwa mbuzi wake.

Vitanda vipya vya madukani siku hizi ni vya chini, na vingi ni vya mbao za kusagwa, zinazovimba zikimwagikiwa chai. Vile vya maana mshahara wa kushona nguo kiwandani hauvifikii. Ndipo nikasikia kuna mzee wa Kihindi, Thika, anahama nyumba na anauza vyombo. Kitanda chake kilikuwa cha juu kama vile vya zamani, mtu anakaa na kusimama bila kujivuta. Kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe iliyobambuka, na mguu mmoja ulikuwa unacheza. Nilikwaruza upande wa chini kwa ufunguo, nikaona mvule. Sikuuliza swali lingine lolote, nisije nikamwamsha mzee akakumbuka bei ya mvule.

Nilikipandisha vipande vipande hadi juu ya ghorofa yetu, kule tunakoanika nguo, na kila siku nisiyokuwa kazini nikawa huko na msasa. Chini ya nyeupe kulikuwa na kijani, na chini ya kijani kulikuwa na kahawia mbaya sana. Mwanzoni nilisugua kinyume cha nyuzi za mbao, mikwaruzo ikabaki, ikabidi nirudie ubao mzima huku nikijitukana. Mashimo ya misumari niliyaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Mguu uliocheza niliung'oa, nikakwangua gundi kuukuu, nikaupaka mpya na kuukaza kwa kamba mpaka ukashika.

"Sasa fundi!" jirani mmoja alinisalimia alipokuja kuanua nguo zake. "Si ungebuy tu mpya?"

"Leta pesa nibuy."

Vanishi ndiyo iliyonitoa jasho. Ruiru kila ploti inajengwa, na vumbi la ujenzi halina adabu. Mkono wa kwanza wa vanishi ulikauka na changarawe ndani yake, kama uso wenye harara. Niliusugua wote, nikangoja mvua inyeshe vumbi lilale, nikapaka tena nyembamba nyembamba. Kilipokuwa tayari nilijivuna, sifichi. Nilimwita yule jirani makusudi aje akione.

Mama alifika na magongo yake, akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, taratibu.

"Haiya! Hii ni kazi yako?"

"Yangu."

"Ni kizuri. Na ni nani alikuwa analala hapa?"

"Sijui, mama."

"Basi mimi nitalala kwa kochi."

Na kweli akalala kwenye kochi. Kwetu mtu atanunua meza kuukuu, kabati kuukuu, hata koti la mitumba, na asiulize lilitoka kwa nani. Kitanda ni habari nyingine. Huenda kuna mtu aliyefia juu yake. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilidhani vanishi ingelimaliza. Nilikasirika, kwa sababu mabega yalikuwa bado yananiuma.

"Mama, si umeokoka?"

"Nimeokoka. Sijarukwa na akili."

Kochi likaanza kumuumiza nyonga, naye akaanza kutaja mbuzi kila akinywa chai. Nikaona nitampoteza. Nikarudi Thika kwa yule mzee, nikamuuliza moja kwa moja ni nani aliyekuwa akilalia kile kitanda.

"Mama yangu," akasema.

"Alifia hapo?"

"Hapo hapo." Aliona uso wangu ulivyobadilika. "Alikuwa mzee sana. Mimi nilitandika godoro chini, kando yake. Akiamka alikuwa ananyoosha mkono chini, kuangalia kama niko."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga uongo. Nilimpeleka yule marehemu Uingereza kwa binti yake, nikampa afya njema na wajukuu. Lakini nilipofungua mlango, mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, mkono nyongani, ananisubiri, na uongo wote ukanitoroka.

"Alikuwa mama ya huyo mzee," nikasema. "Alikufa, tena kwa hicho kitanda."

"Alikuwa na nani?"

"Na kijana wake. Alikuwa analala chini, karibu na yeye."

Mama akavuta magongo yake, akasimama, akaenda polepole mpaka chumbani na kuketi kwenye kitanda. Miguu yake ilitua sakafuni vizuri, kama daktari alivyotaka.

"Basi leta godoro lako," akasema.

"Mama, mimi niko chumba cha pili. Hizi kuta ni nyembamba. Ukiniita nitasikia."

"Hutasikia."

"Nitasikia."

"Siku ile nilikuita usiku wote."

Sikumwelewa mara moja. Sote tulijua alianguka asubuhi, dakika chache kabla ya jirani yake wa Gatuanyaga kuja kuchukua maziwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia hivyo.

"Si ulianguka asubuhi?"

"Nilianguka jioni, nikitoka kufunga mbuzi." Alikuwa anautazama mkono wake juu ya ubao. "Nilijua uko Ruiru, huwezi kusikia. Lakini ni wewe nilikuwa naita."

Nililia, naye akaniacha nilie. Kisha nikaenda kuleta godoro.