Safari ya Peke Yangu Hadi Kibuye

Tangu turudi Gisenyi kutoka ukimbizini Goma, nilimwambia kila mtu kuwa nitatembea njia ya milimani hadi Kibuye, peke yangu, kama marehemu baba. Shemeji yangu wa Kibuye alinicheka: "We na hilo tumbo? Hata Nyundo hautafika!" Vita vya huko milimani vilipotulia, nikaondoka nimwoneshe.

Nilipofika Kanama, mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharagwe aliniuliza, "Unaenda kwa nani? Iko matanga?"

"Hapana, mama. Natembea tu."

Aliacha jembe akanisindikiza hadi kilima cha pili. Huko alinong'ona na mwanamume mmoja, naye akaupokea mkoba wangu. Ikawa hivyo kila kilima. Jioni walinipa viazi vya moto na kitanda kizuri, wakafunga mlango kwa nje. Nikasema moyoni, kumbe ukarimu wa kwetu haujafa! Machozi yakanitoka. Wenyeji wakatazamana, wakatikisa vichwa.

Baada ya siku kadhaa niliingia Kibuye na kundi zima nyuma yangu. Shemeji alikuwa mlangoni kwake. Nikajipiga kifua: "Nimefika! Peke yangu!"

Mzee aliyebeba mkoba wangu alimvuta kando, ila sauti yake haikujua kunong'ona.

"Bon, mutu wenu ni huyu. Akili ilimutoka kule Kanama, tukamupokezana polepole. Hapigi mutu, analia tu. Musimuache atoke tena."

Shemeji akanitazama, kisha akampa mzee mikono miwili.

"Asante sana, muzee. Hata sisi tulikuwa tunamutafuta."