Demarere ya Ndege ya Shemeji

Wakati ule kazi yangu ya fundi umeme kiwandani ilikuwa imebaki jina tu. Tulikwenda asubuhi, tukakaa kando ya mashine zilizolala, tukarudi na njaa yetu. Mume wa dada yangu, fundi wa ndege, alikuwa amejenga ndege yake mwenyewe nyuma ya nyumba: ndogo, ya watu wawili, yenye injini ya Volkswagen. Aliianza zamani za mshahara. Ilikuwa imebaki demarere tu, ile mota ya kuwashia injini.

Kisha watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa na wakubwa warudi kwao. Shemeji alizaliwa hapa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai, na hilo lilitosha. Majirani walikuwa tayari wanalala stesheni wakingoja treni. Ndipo akaja kwangu.

"Shemeji, kuya unisaidie kufunga demarere."

"Na treni?"

"Treni bado. Minye nataka nisikie inawaka, hata mara moja."

Sikuwa na nguvu ya kubisha.

Kwanza nilitenganisha waya wa hasi wa betri. Kisha nikaanza kufungua helisi, yale mapanga ya mbele. Akashangaa kwamba naiondoa.

"Ndege haitaruka, weye mwenyewe unajua. Juu ya nini unaitosha?"

"Inaweza kukata muntu hata kama hairuke."

Alichukua ufunguo wa nati, akafungua upande wa pili.

Rile, kile kiungo kinachopeleka umeme kwenye mota, tuliifunga karibu kabisa na betri, ili waya mnene usikae na umeme njia nzima bure. Pale waya ulipopenya bati lililotenga injini na viti, niliuzungushia mpira wa baiskeli, bati lisije likaula. Ndani, dada yangu alikuwa anafunga masufuria kwenye shuka. Tulimsikia.

Tulitoa plagi za injini ili isiwake bado, tukarudisha betri, shemeji akabonyeza. Mota ikazunguka. Akaachia kidole, ikaendelea kuzunguka. Rile ilikuwa imenata. Akakata swichi kubwa, ikanyamaza. Wote wawili tukageuka kuitazama helisi ilivyolala juu ya magunia.

"Ile ilitoka kwenye kamyo ya mizigo," akasema taratibu. "Imezeeka."

Akaleta rile nyingine, ya gari lake ambalo hangeweza kuondoka nalo. Tukaijaribu mpaka tukaiamini.

Kesho yake tulirudisha plagi na helisi, tukaweka matofali kwenye magurudumu, tukafunga mkia kwenye mti wa parachichi. Akapanda.

"Mbele hakuna muntu?"

"Hakuna."

Injini ikashika. Nguo zilizoanikwa zikaruka kwenye kamba. Dada akatoka, akasimama mlangoni mikono kiunoni. Shemeji aliiacha ingurume mpaka petroli ikaisha. Hakucheka. Alishuka, akatenganisha betri mwenyewe.

"Iko muzuri," akasema.

Shemeji na dada wakahamia stesheni na mtoto wao. Niliwapelekea bukari, ugali wetu, na ndagala, dagaa wa ziwa la Tshangalele, mpaka siku nilipokuta pale walipokaa wamekaa wengine.

Ndege iliondoka kipande kwa kipande. Watu walibeba mabomba, kisha viti, kisha bati. Nilikuwa nimechoka kuilinda. Baadaye msafiri akaniletea habari: wamefika Kasai, mtoto aliugua surua akapona, shemeji anatengeneza vinu vya mahindi. Shemeji hakuuliza habari za ndege, nami sikutuma neno.