Baba Alipokataa Kuapa

Harufu ya asali iliyorinwa kwa moshi huwafanya wenzangu wameze mate. Mimi hunipandisha hasira, na sioni sababu ya kuwaficha ninyi. Hunirudisha kijijini kwetu Ipole, mwaka ambao mwizi alikomba mizinga ya mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti aliitisha mkutano, akataka kila mrina asali aape hadharani kwamba hakuiba: Mwislamu kwa Msahafu, Mkristo kwa Biblia. Wakaapa wote, mmoja baada ya mwingine, hadi zamu ikamfikia baba.

Baba alikuwa wa Marafiki, dhehebu la Kikristo alilolipata alipokuwa akifanya kazi Musoma. Kijijini tulikuwa nyumba moja tu. Jumapili tulisali kwa kukaa kimya, bila mchungaji wala ngoma, na watoto wenzangu walituita kanisa la mabubu. Marafiki hawaapi. Kwao, anayeapa leo anakiri kwamba jana huenda alidanganya.

Baba aliitazama ile Biblia, asiiguse.

"Sikuiba," alisema. "Ningeiba ningesema. Neno langu ni hilo hilo, leo na kesho."

Mgambo wakamfungia kwenye stoo ya tumbaku. Mwenyekiti alisema angemtoa saa hiyo hiyo akiapa. Mama alimpelekea ugali akilia, akamsihi aseme hayo maneno machache, maana shamba lilikuwa linaliwa na ngedere. Baba akakataa.

Nilipokwenda kumsalimia, alinisimulia kupitia ufa wa mlango habari za Marafiki wa kwanza, huko Uingereza ya zamani, waliojazwa magerezani kwa kukataa kuapa. Wazazi walipokwisha kufungwa, watoto wao walikusanyika peke yao kusali. Walichapwa, lakini hawakuacha.

"Jumapili hii ni yenu, mwanangu," aliniambia.

Basi Jumapili nikatandika mkeka barazani, nikakaa na mdogo wangu. Wapita njia wakacheka. Mwanamke mmoja, jirani kabisa, akatumwagia maji ya kuoshea vyombo. Mdogo wangu alilia kwa kwikwi. Mimi niliuma meno, nikamchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote. Mama akatoka jikoni, akajifuta mikono, akaketi kati yetu. Tangu siku hiyo hakumsihi tena baba aape.

Baadaye asali ilikutwa kwa mmoja wa mgambo, naye mrina asali, yule aliyeapa wa kwanza, kwa sauti kubwa kuliko wote. Baba akafunguliwa bila hata pole. Mwizi alitozwa faini, na mavuno yalipofika tayari alikuwa akinywa pombe na wenzake kama kawaida. Baba, wanakijiji waliendelea kumnunia mpaka tulipohama.

Jambo hilo lilinitatiza utoto wangu wote. Sasa nalielewa, na halinipunguzii hasira. Hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani baba ni mwizi. Mwizi waliweza kumsamehe, kwa kuwa alikuwa ameapa kama wao.